Je, Tunahitaji Dikteta Mzuri?

 

Wiki hii nataka tuongee kuhusu sentensi moja ambayo naisikia sana. Naisikia kwenye daladala, kwenye vijiwe vya kahawa Kariakoo, na hata kwetu vijana tukiwa tumesimama nje ya kanisa baada ya Misa: "Nchi hii inahitaji dikteta mzuri." Unaijua. Mtu amezungushwa ofisini wiki tatu kwa sababu hajatoa "chai", ameona barabara inajengwa na kubomoka ndani ya mwaka mmoja, amechoka. Anasema apatikane mmoja tu, mcha Mungu, asiyeiba, apewe rungu, anyooshe nchi. Na anayesema hivyo mara nyingi hana roho mbaya. Anawaonea uchungu maskini.

Ukimwuliza mfano, kwa kawaida anakutajia Mwalimu Nyerere. Hapo sisi Wakatoliki tunaguswa mara mbili, kwa sababu Mwalimu ni Mtumishi wa Mungu. Jimbo la Musoma, alikotoka, lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenyeheri katikati ya miaka ya 2000, na wengi wetu tunauombea. Sasa kijana mmoja alinitumia ujumbe, akauliza bila kuzunguka: "Kama aliweka watu ndani bila kesi, anakuwaje mtakatifu? Na kama ni mtakatifu, si ina maana kuweka watu ndani bila kesi siyo kosa, mradi nia ni njema?"

Swali zuri sana jamani, na lina meno. Tusilikwepe.

Kwanza, tumtendee haki

Mwalimu alibatizwa Desemba 1943 akiwa kijana wa miaka 21, kwa uamuzi wake mwenyewe. Alikuwa mtu wa Misa na wa Rozari, na aliendelea hivyo akiwa Ikulu. Hakujilimbikizia mali. Alituachia nchi ambayo Mhaya anaoa Mmakonde na hakuna anayeshtuka. Alipeleka watoto wa wakulima shuleni, akawasaidia ndugu zetu wa Msumbiji, Zimbabwe na Afrika Kusini kupata uhuru, na mwaka 1985 akang'atuka mwenyewe wakati marais wengi wa enzi yake walitoka kwa mapinduzi au kwa jeneza. Mtu akikwambia Mwalimu alikuwa dikteta wa kawaida, mwambie akasome tena.

Lakini kuna upande wa pili, nao ni historia vilevile.

Mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru, Bunge lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini. Rais akisaini hati, mtu anakamatwa na kufungiwa bila kushtakiwa, na sheria ilisema wazi kwamba amri hiyo haihojiwi mahakamani. Mwaka 1965 tukawa nchi ya chama kimoja kisheria. Kura ya urais ikawa ya jina moja, ndiyo au hapana. Vyama huru vya wafanyakazi vilikuwa vimeshavunjwa mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, na kikabaki kimoja kilicho chini ya chama na serikali. Oscar Kambona, aliyekuwa mmoja wa watu wa karibu kabisa na Mwalimu, alikimbilia Uingereza mwaka 1967. Ndugu zake wawili waliobaki nchini waliwekwa kizuizini kwa miaka mingi.

Nikitoka kwetu Upanga kwenda Posta navuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Wengi tunalitaja jina hilo kila siku kwa kondakta, "Bibi Titi shusha!", bila kufikiria kuwa lilikuwa la mtu. Mama huyu ndiye aliyewaingiza maelfu ya akina mama wa Dar es Salaam katika TANU, wakati wanaume wengi wenye kazi serikalini waliogopa hata kuonekana na kadi. Lilipokuja Azimio la Arusha, Februari 1967, na masharti kwamba kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha, hakukubaliana nayo. Mwaka 1969 alikamatwa pamoja na wengine kwa tuhuma za kutaka kupindua serikali, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha. Yeye alikana. Mwaka 1972 Rais alimsamehe akatoka, na miaka mingi baadaye jina lake likawekwa kwenye barabara.

Ukitaka kupima mambo haya, kumbuka kisa cha mwaka 1958. Mwalimu mwenyewe alishtakiwa na serikali ya kikoloni kwa maneno aliyoandika juu ya maofisa wake. Alisimama hapa Dar es Salaam katika mahakama ya wazi, akiwa na wakili kutoka Uingereza, D. N. Pritt. Alisikilizwa, akahukumiwa, akalipa faini ya shilingi 3,000. Wakoloni hawakuwa malaika, na wao ndio waliotangulia kutunga sheria za kuwahamisha na kuwafungia watu bila kesi. Lakini siku ile mtuhumiwa alipata nafasi ya kusema. Miaka minne baadaye ilikuwepo sheria iliyoweza kumnyima Mtanzania nafasi hiyohiyo, na saini iliyohitajika ilikuwa ya Rais.

Nyumba ninayolala

Niseme na hili kwa sababu linanihusu. Ghorofa tunaloishi ni la Shirika la Nyumba, na kabla ya hapo lilikuwa la mtu. Wakoloni waliugawa mji huu kwa rangi: Uzunguni kule Oysterbay, Uhindini katikati ya mji na baadaye Upanga, Uswahilini Kariakoo na Ilala. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kama mpaka kati ya Uhindini na Kariakoo. Kwa hiyo baada ya Uhuru nyumba nzuri za kupangisha zilikuwa mikononi mwa wachache, wengi wao wa asili ya Asia, na Mwafrika aliyepata kazi mjini alikuwa mpangaji wao.

Aprili 1971 ikapitishwa sheria ya kutaifisha majengo. Jengo lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambalo mwenyewe hakai lote linakuwa la serikali, chini ya Msajili wa Majumba. Yalichukuliwa karibu majengo 3,000, na sehemu kubwa mno yalikuwa ya watu wa asili ya Asia. Jengo lililozidi miaka kumi halikulipiwa fidia. Kulikuwa na matajiri waliopoteza majengo kadhaa, na kulikuwa na wajane na wazee ambao ghorofa moja ndilo lilikuwa pensheni yao. Familia nyingi ziliuza vyombo zikaondoka, kwenda Uingereza na Kanada.

Mimi nimekulia ndani ya matunda ya sheria ile. Baba yangu, mtumishi wa kawaida, asingeweza kamwe kupanga Upanga kwa bei ya soko. Nimesoma karibu na nyumbani na nimekwenda Muhimbili kwa miguu nikiumwa. Kwa hiyo nikiulizwa kama sheria ile ilikuwa mbaya, siwezi kujibu haraka kama mtu anayetazama kwa mbali. Kuna familia imepata na kuna familia imelia, na zote zimepitia mlango uleule.

Kanisa linatupa mizani

Hapa ndipo Katekisimu inatusaidia sana. Inafundisha kwamba ukitaka kujua kama tendo ni jema, unatazama mambo matatu: tendo lenyewe, nia ya mtendaji, na mazingira (KKK 1750). Inaongeza kwamba nia njema haiwezi kugeuza tendo ambalo lenyewe ni ovu likawa jema (KKK 1753). Mtume Paulo aliwakatalia wale waliosingizia kwamba anafundisha watu watende mabaya ili yaje mema (Rum 3:8). Tuipeleke mizani hiyo kwenye mambo matatu.

Jambo la kwanza ni majengo. Wengine wanadhani Kanisa linasema mali ya mtu haiguswi kabisa. Hapana. Mwaka uleule wa Azimio la Arusha, mwezi Machi 1967, Papa Paulo VI alitoa waraka wa Populorum Progressio. Alifundisha kwamba haki ya kumiliki mali siyo haki isiyo na mipaka, kwa sababu Mungu aliiumba dunia kwa ajili ya wote, na kwamba yapo mazingira ambamo ustawi wa wote unaweza kudai hata ardhi ya mtu ichukuliwe. Kwa hiyo kutaifisha, peke yake, siyo dhambi. Lakini haki ina namna yake. Kuna fidia, kuna kumpa mtu muda, kuna kumtenganisha mnyonyaji na mjane. Sheria inayopima umri wa jengo bila kumtazama aliyemo inaweza kuwa na nia nzuri, na bado ikamdhulumu mtu.

Kumbuka kisa cha Nabothi (1Fal 21). Mfalme Ahabu alilitaka shamba lake la mizabibu, na Yezebeli akaandaa mashahidi wa uongo. Utasema Ahabu alijichukulia mwenyewe, Mwalimu hakujichukulia hata chumba kimoja. Ni kweli, na tofauti hiyo ni kubwa mbele za Mungu kwa upande wa aliyechukua. Lakini jiweke upande wa Nabothi. Ukiamka asubuhi na shamba halipo, hutapata nafuu sana ukiambiwa kwamba aliyelichukua ni mtu wa sala.

Jambo la pili ni vijiji. Hapa kuna kisa ambacho vijana wengi hawajakisikia. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960, kule Litowa, Songea, wakulima walianza wenyewe kuishi na kulima kwa ujamaa. Hawakulazimishwa. Vikafika vijiji zaidi ya kumi, vikaungana katika chama chao cha maendeleo cha Ruvuma, wakiamua mambo yao kwenye mikutano yao. Mwalimu alivisifu. Mwaka 1967 aliandika kitabu kidogo cha Ujamaa Vijijini, akisisitiza kwamba watu washawishiwe, wasilazimishwe. Lakini Septemba 1969 chama tawala kilikivunja chama kile cha Ruvuma. Wakubwa hawakupenda wakulima wanaojiamulia. Na Novemba 1973 ikatoka amri: kufikia mwisho wa mwaka 1976 kila mtu wa kijijini awe ndani ya kijiji rasmi. Mamilioni walihamishwa. Wapo waliohama kwa hiari, na wapo waliobebwa kwenye malori huku nyumba zao zikichomwa au kubomolewa ili wasirudi.

Mafundisho Jamii ya Kanisa yana kitu kinaitwa kanuni ya auni. Maana yake ni hii: lile ambalo familia, jumuiya au kijiji kinaweza kulifanya chenyewe, mkubwa asikinyang'anye, kazi yake ni kukisaidia. Litowa walikuwa wanaishi ndoto ya Mwalimu kwa miguu yao wenyewe. Ikavunjwa, halafu wenzao wakaburutwa kwa malori kuelekea ndoto ileile. Mimi nikisoma habari hii naumia kuliko habari ya majengo.

Jambo la tatu ni kufungwa bila kusikilizwa. Hapa mizani haiyumbi. Nikodemu, akiwa peke yake kati ya wakubwa, aliwauliza wenzake kama Torati inamhukumu mtu kabla ya kumsikia na kujua alilolitenda (Yn 7:50-51). Wakamkejeli. Mwaka 1983, maduka yalipokuwa matupu na watu wanapanga foleni ya sabuni na sukari, ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Walanguzi walikuwepo kweli, na wananchi wengi walishangilia. Lakini watu walikamatwa kwanza, sheria ikatungwa baadaye na kurudishwa nyuma iwafikie. Ikaundwa mahakama maalumu ambayo mawakili hawakuruhusiwa kuingia. Kulikuwa na wafanyabiashara waliotupa bidhaa usiku kwa hofu tu, bila kujua kama walichonacho ni kosa. Mwaka uliofuata sheria yenyewe ikabadilishwa, kwa sababu ilionekana haifai. Tendo la kumfunga mtu bila kumsikia ni dhuluma, hata mfungaji akiwa na Rozari mfukoni.

"Yeye hakujua"

Nikiongea na wazee kuhusu vijiji, wengi wananiambia: "Mwalimu hakujua. Ni watendaji wa chini." Inawezekana kuna mengi hakuambiwa. Lakini neno hilo lina historia ndefu duniani, na inafaa tuisikie.

Urusi ya zamani ilitawaliwa na mfalme waliyemwita Tsar, na wakulima walimwita baba. Wakulima waliachiwa kutoka utumwa wa mashamba mwaka 1861, lakini wakabebeshwa malipo ya ardhi kwa miaka mingi. Baadaye viwanda na reli vikajengwa kwa kasi, watu wakajazana mijini, kazi saa nyingi, mshahara mdogo. Kulalamika ilikuwa hatari, maana polisi wa siri walikuwa kila mahali. Na bado watu walisema: Tsar ni mwema, wabaya ni maofisa, laiti angejua. Tarehe 22 Januari 1905 wafanyakazi wa Saint Petersburg, wakiongozwa na padre wa Kiorthodoksi, Georgy Gapon, waliandamana kwenda kwenye jumba lake ili wamwambie. Walibeba picha takatifu na picha za Tsar mwenyewe. Siku hiyo Tsar hakuwepo pale. Askari wakafyatua risasi, wakafa watu zaidi ya mia moja.

Tsar huyo, Nicholas II, alikuwa mtu wa sala na baba mpole kwa watoto wake. Mwaka 1918 aliuawa pamoja na familia yake yote, na mwaka 2000 Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi likawatangaza kuwa watakatifu. Lakini angalia lilivyofanya: lilimheshimu kwa jinsi alivyoyapokea mateso na kifo kwa imani. Halikuutangaza utawala wake kuwa mtakatifu.

Simfananishi Mwalimu na Tsar. Mmoja alirithi kiti na akang'ang'ania mamlaka yasiyo na mipaka, mwingine alitoka kwa hiari na hakuna jumba aliloliacha nyuma. Ninachosema ni kuhusu sisi tunaotawaliwa. Tukishaamini kwamba mkubwa ni mwema kiasi kwamba hahitaji kuzuiwa, kila mwaka tunatafuta mtu mwingine wa kubeba lawama. Na yule aliyeumia hana pa kupeleka kilio chake, maana kulalamika kunaonekana kama kumtukana baba.

Inajulikana kwamba Mwalimu mwenyewe aliwahi kusema Katiba yetu ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta. Fikiria neno hilo vizuri. Usalama wa Watanzania wote ulitegemea moyo wa mtu mmoja usiku akienda kulala. Na moyo ule ulikuwa mzuri kuliko mingi! Hata hivyo, chini yake watu walifungwa bila kesi na nyumba zikachomwa. Kama hayo yalitokea kwa mtu wa Misa na Rozari, unategemea nini kwa huyo "dikteta mzuri" unayemwomba leo? Na atakayekuja baada yake, akiikuta rungu imeachwa mezani?

Ndiyo maana Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Centesimus Annus ya mwaka 1991, alifundisha kwamba ni vema kila mamlaka yazuiwe na mamlaka mengine, ili itawale sheria na siyo matakwa ya mtu. Katekisimu imelichukua fundisho hilo (KKK 1904). Kanisa linafundisha hivyo kwa sababu linaamini dhambi ya asili. Sote tumejeruhiwa, hata tunaokomunika kila siku. Mfalme Daudi aliupendeza moyo wa Mungu, na bado akachukua mke wa Uria na kupanga kifo cha mumewe (2Sam 11). Kilichomwokoa Daudi ni kwamba palikuwa na Nathani, mtu aliyeweza kuingia ikulu, kumwambia mfalme kosa lake, na kutoka mzima.

Basi, anaweza kuwa mtakatifu?

Narudi kwa ndugu yangu aliyeuliza. Jibu langu ni hili: ndiyo, anaweza, na hilo haliyafanyi makosa yale kuwa mema hata kidogo. Paulo aliingia nyumba kwa nyumba akiwaburuta wanaume na wanawake gerezani (Mdo 8:3). Tunamwita Mtakatifu Paulo, na hakuna padre anayetuhubiria kwamba kuburuta watu ni fadhila. Kanisa likimtangaza mtu mtakatifu linasema neema ya Mungu ilishinda ndani yake. Halisemi kila sheria aliyosaini ilitoka mbinguni.

Na dalili za neema kwa Mwalimu zipo. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, alikiri hadharani kwamba kama angeanza upya kuna mambo asingeyafanya, akataja kufutwa kwa serikali za mitaa na kuvunjwa kwa vyama vya ushirika. Viongozi wangapi unawajua waliosema hivyo wakiwa bado kwenye kiti? Mwaka 1990 yeye, baba wa chama kimoja, ndiye aliyesema vyama vingi visionekane kama uhaini. Na Oktoba 1970, akiwahutubia masista wa Maryknoll huko Marekani, alilitaka Kanisa lisimame upande wa wanaokandamizwa na kupinga mifumo inayowakandamiza. Tukikitazama kizuizini kwa jicho hilo tunatumia kipimo alichotupa mwenyewe.

Kuna jambo moja katika mchakato wa utakatifu linalonifurahisha sana. Kanuni za Kanisa zinataka hata mashahidi wanaopinga wasikilizwe. Mtu anayesema "huyu alinidhulumu" hafukuzwi mlangoni, ushahidi wake unaandikwa na unapelekwa Roma. Yaani Kanisa, kabla ya kutamka neno moja la sifa, linampa nafasi ya kusema yule aliyeumia. Hiyo ndiyo nafasi ambayo sheria ya mwaka 1962 iliwanyima watu. Kwa hiyo unapouombea mchakato wa Mwalimu, usiogope ukweli wa waliofungwa. Ukweli wao ni sehemu ya mchakato wenyewe.

Inatuhusu vipi?

Usidhani haya ni ya marais tu. Mwenyekiti wa kwaya anayemwondoa mtu kwenye kundi la WhatsApp kwa sababu ameuliza hesabu za michango, "kwa ajili ya amani ya kwaya", anatumia mantiki ileile. Kiongozi wa jumuiya anayeamua kila kitu peke yake kwa sababu "wengine hawaelewi" ni ndugu wa yule aliyeivunja Litowa. Na sisi tunaopiga makofi mtuhumiwa anapotajwa jina na kudhalilishwa kabla hajafika mahakamani, tunafanana na wale waliomkejeli Nikodemu.

Mimi bado nalala Upanga kwenye nyumba ya mtu nisiyemjua jina. Siwezi kuirudisha na siwezi kujifanya sijui. Ninachoweza ni kumkumbuka kwenye sala zangu, yeye na uzao wake popote walipo, na kukataa kusema kwamba haikumuuma kwa kuwa mimi ilinifaa.

Maswali ya kutafakari wiki hii:

1. Ni mtu gani nimemhukumu bila kumsikiliza, nikijiambia nia yangu ni njema?

2. Katika kundi langu, yupo Nathani anayeweza kuniambia ukweli bila kuogopa?

3. Soma 1Samweli 8. Waisraeli walipomwomba Mungu mfalme, Samweli aliwaonya mfalme atawafanyia nini. Kwa nini waliomba tu?

Tusali: Ee Bwana Yesu, wewe ulihukumiwa usiku bila kutendewa haki, na unawajua kwa majina wote waliofungwa bila kusikilizwa. Wafariji walioumia na wasamehe waliowaumiza. Mpokee mtumishi wako Julius katika huruma yako, na kama ni mapenzi yako, mtukuze. Wape viongozi wetu watu wa kuwaambia ukweli, na utupe sisi vijana moyo wa kuutafuta wema bila kumkanyaga mtu yeyote njiani. Amina.

Mungu akubariki. Tukutane wiki ijayo.